Kadari Haifuti Deni

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, katika mitaa yetu ya Mombasa, tangu Majengo hata Likoni na Changamwe, ni nyumba chache ambazo hazikupata kula kwa kazi ya Kilindini. Na katika kila mtaa yupo mzee aliyekatika vidole kwa mnyororo wa winchi, au mjane ambaye mumewe alitoka alfajiri kwenda gatini, na kabla ya adhuhuri akaletewa habari yake. Haya twayajua sote. Lakini liko neno moja tulilolizoea hata hatuuoni tena ubaya wake, nalo ni lile lisemwalo matangani: "Hii ni kadari ya Mungu, na tusamehe yaishe." Neno hili nusu yake ni imani na nusu yake ni dhuluma, na yatupasa tuzitenge nusu hizo mbili.

Lililonifanya niandike ni jambo lililonikuta mbali na pwani. Nilialikwa kusomesha darasa Kona Baridi, katika nchi ya Kajiado, mahali ambapo barabara ya Magadi, baada ya kupita Kiserian, hupanda mpaka juu kwenye upepo mkali kisha ikaanza kuteremka Bonde la Ufa. Msomaji wa Mombasa asidhani kwamba huko si kwetu. Magadi yachimbwayo ziwani huko chini husafirishwa kwa reli iliyojengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, ikapita Kajiado hata Konza, na mwisho wake ni Kilindini, ambako watoto wetu huyapakia melini. Mzigo ni mmoja. Mmoja auchimba na mwingine aupakia, na wote wawili huhatarisha viungo vyao.

Baada ya sala alinijia mtu wa pwani, akaniambia kuwa amepanda huko kumtazama mke wa marehemu ndugu yake. Ndugu yake alikuwa kibarua wa kupakua meli. Kamba ya kunyanyulia mizigo ilikatika, mzigo ukamwangukia, akafa. Mjane alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, kisha akarejea kwa wazazi wake hapo Kona Baridi pamoja na watoto watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike, na mkubwa wao ana miaka tisa. Mtu huyu akaniuliza: "Sheikh, shemeji yangu ataka kudai fidia. Mimi nimemkataza, kwa kuwa kifo ni kadari, na pesa za bima ni haramu. Je, sikusema haki?" Nikamuuliza maswali mawili matatu, ikadhihirika kuwa siku ya tatu ya matanga alipokea bahasha ya mkono wa pole kutoka kwa waajiri, na akatia sahihi karatasi ya kusema kuwa jamaa wamesamehe. Mjane hakuulizwa. Na tangu siku ya kifo ilikuwa imepita miezi kumi.

Mimi simtaji mtu huyo wala walioajiri, wala sisemi kuwa alikuwa mtu mbaya. Alikuwa akisali, na aliyasema aliyoyasikia kwa wengi. Basi jawabu langu kwake ndilo nililetalo kwenu.

La kwanza ni hiyo kadari. Kila Muislamu aamini kuwa ajali ya mtu imeandikwa, wala haitangulii wala haitaakhari. Lakini na tusome Sura ya Nisaa, aya ya 92. Humo Mwenyezi Mungu anamtaja mtu aliyemuua muumini kwa kukosea, asiyekusudia hata chembe. Je, kifo hicho si kadari? Bila shaka ni kadari. Pamoja na hayo Mola wetu ameamrisha dia ipelekwe kwa jamaa za maiti. Basi yule yule aliyekiandika kifo ndiye aliyeyaandika malipo. Mwenye kukubali maandiko ya kwanza akayakataa ya pili, huyo hakuiamini kadari, bali ameitumia. Na lau kadari ingefuta madeni, basi mwizi naye angesema kuwa kuiba kwake kuliandikwa, na asingelipa mtu chochote ulimwenguni.

La pili ni msamaha. Katika aya hiyo hiyo msamaha umetajwa na umesifiwa. Lakini msamaha ni wa mwenye haki. Mtoto wa miaka tisa hajui kusamehe, na ami yake hana ruhusa ya kumsamehea. Wanavyuoni wamesema wazi kuwa walii wa yatima haimfalii kuitoa sadaka mali ya yatima, hata ikiwa ndogo. Atakaye kusamehe na atoe katika mfuko wake. Na kuutoa mfuko wa yatima kisha ukaitwa mtu mwema, huo ni wema wa bei rahisi mno.

La tatu ni zito zaidi, na mwanafunzi mmoja wa darasa ndiye aliyelileta. Alisema: "Sheikh, si imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba kisima ni jubari na machimbo ni jubari, yaani anayefia humo hana dhamana juu ya mtu? Na Imamu Nawawi si amefasiri kuwa mtu akiajiri wachimbaji, machimbo yakawaangukia, yeye halipi? Basi meli nayo ni kama machimbo." Huyu aliuliza kwa elimu, na yafaa ajibiwe kwa elimu.

Hadithi ni sahihi, na tafsiri hiyo ipo. Lakini wanavyuoni hao hao wamesema kuwa mwenye kuchimba kisima katika njia ya watu, akatumbukia mtu akafa, dhamana ipo, kwa kuwa huyo amepindukia mpaka. Hukumu ya jubari ni ya pale ambapo hapana aliyefanya kosa. Sasa tutazame gatini. Aliyejua kuwa kamba imelika nyuzi, akaamrisha ipandishwe tani kwa kuwa meli yataka kuondoka, huyo amechimba kisima njiani. Aliyewaingiza watu ngamani pasina taa wala kofia ngumu, naye vivyo hivyo. Ni vifo vingapi vya bandarini ambavyo, ukivichungua, hutamkuta mtu aliyejua na akanyamaza?

Na hata tukikadiria kuwa hapana kosa la mtu yeyote, bado liko jambo jingine. Waislamu wako juu ya masharti yao, na Sura ya Maida yafungua kwa amri ya kutimiza mikataba. Katika Kenya, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua mahali pa sheria ya zamani ya zama za ukoloni, imemwajibisha mwajiri kumfidia mfanyakazi aliyeumia au kufa kazini, pasina kumtaka athibitishe kosa la mtu. Sheria hii ilipingwa mahakamani miaka mingi, hata Mahakama ya Juu ikaipitisha mwezi wa Disemba 2019. Basi kila mwajiri amwajiripo mtu leo, amwajiri naye alijua sharti hili. Limo ndani ya ujira kama ulivyo mshahara wenyewe. Fidia si sadaka wala si bei ya roho ya mtu, kwani roho haina bei. Ni sehemu ya ujira iliyongoja siku ya msiba. Na imepokewa kuwa miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake.

La nne ni bima. Khitilafu ya wanavyuoni katika bima yajulikana, wala sitaki kuipunguza. Lakini deni la fidia liko juu ya mwajiri. Atakapozitoa fedha ni juu yake. Mjane hakufanya mkataba wa bima na mtu. Yeye adai haki yake tu. Na mwajiri Muislamu asemaye kuwa haweki bima kwa kuogopa haramu, twamwambia: tangu mwaka 2011 kampuni ya takaful imekuwapo Kenya. Kisha mzigo huu wa kuchangiana hatuukuchukua kwa wageni. Dia ya kukosea ilikuwa ikibebwa na akila, jamaa za mkosaji; na Sayyidna Umar bin Khattab akaiweka kwa watu wa diwani, yaani walioandikwa pamoja katika daftari la askari, na Mahanafi wakalishika hilo, ijapokuwa sisi Mashafii tumebaki na jamaa. Lililokusudiwa ni kwamba damu isipotee, na mmoja asivunjike mgongo kwa kulipa peke yake.

La tano ni nani apewe. Hapa ndipo tunapoharibu nyumba. Mishahara ambayo marehemu hakuilipwa, na akiba yake, hiyo ni tarika: yatatolewa madeni, kisha wasia, kisha ifuate faraidhi. Ama fidia, sheria imeiweka kwa ajili ya wale waliokuwa wakimtegemea. Rai yangu ni kuwa hii si tarika, kwani marehemu hakuimiliki akiwa hai. Ni haki ya wale aliokuwa akiwalisha. Lakini mwenye kusema kuwa yafanana na dia, na dia hurithiwa, sitagombana naye. Na aihesabu basi. Mke ana thumuni, mama akiwa hai ana sudusi, na baki ni ya watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Ndugu wa maiti ana nini? Hana kitu, kwa kuwa mtoto wa kiume amemzuia. Kwa njia zote mbili mlango wa ami umefungwa.

Na asiseme mtu kuwa mwanamke hana neno katika malipo ya damu. Sayyidna Umar mwenyewe alikuwa na rai hiyo, kuwa dia ni ya akila na mke harithi humo. Akasimama Dhahhak bin Sufyan akamweleza kwamba Mtume, sala na amani zimshukie, alimwandikia amrithishe mke wa Ashyam katika dia ya mumewe. Umar akaiacha rai yake pale pale. Ikiwa Umar aliweza kurejea, sisi watu wa matanga twashindwa na nini?

Nilipofika hapo yule mtu alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Ile bahasha nimeshaitumia." Nikamwambia kuwa hilo ni deni juu yake kwa yatima, na alilipe kidogo kidogo, lakini liko deni kubwa zaidi lenye muda wake, nao unakwisha.

Kwani sheria imeweka nyakati, na wengi wetu huzikosa kwa haya. Aliyeumia amjulishe mwajiri. Mwajiri ampe habari Mkurugenzi wa serikali asimamiaye usalama na afya kazini ndani ya siku saba. Dai lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali au kifo, na likishafikishwa kwa mwajiri au bima, lilipwe ndani ya siku 90. Mwenye kilema cha kudumu hukadiriwa kwa mshahara wa miezi 96, kwa kadiri ya kilema chake. Basi na akumbuke mwenye kuumia kwamba kunyamaza si ucha Mungu. Na akumbuke pia kwamba kuzidisha maumivu au kuzua jeraha ni kula mali ya watu kwa batili, na Mola anayemhesabu mwajiri ndiye anayemhesabu kuli.

Wazee wetu wa Kilindini waligoma mwaka 1939, na 1947, na 1955, wakataka ujira wao, na wala hatukuambiwa kuwa imani yao ilipungua. Tukienda matangani tuseme: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kisha kabla ya kuondoka amkalishe mmoja wetu mjane na kumuuliza: Dai limeandikwa? Nani aliyetia sahihi? Watoto ni wangapi?

Yule mtu aliteremka Nairobi siku ya pili pamoja na shemeji yake, amechukua cheti cha kifo na cheti cha ndoa, na dai likapokewa ikiwa imesalia miezi miwili kasoro siku chache. Mpaka naandika haya jawabu halijaja. Lakini yule mama alinipelekea salamu kuwa tangu mumewe afariki, hiyo ndiyo siku ya kwanza alipoulizwa yeye ataka nini.

Wabillahi taufiki. Wallahu aalamu.