Deni la Msomi Hulipwa kwa Nani?

Huku kwetu Bulyanhulu hakuna asiyejua habari za dhahabu. Tangu mgodi mkubwa ulipoanza kazi mwaka 2001, mawe hutolewa chini sana ya ardhi, na lililotoka halirudi tena mahali pake. Lakini iko mali nyingine tuwezayo kuitoa leo na kuiona ikirudi kesho, nayo ni ada ya mwanafunzi wa chuo kikuu. Basi twataka kuwaza pamoja nanyi neno hili: mtu aliyesomeshwa kwa fedha za waliomtangulia, je, ana deni? Na kama analo, amlipe nani?

Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichosalia ili apate nguvu za kwenda mbali kuwatafutia wenzake. Asiporudi, amewasaliti. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu huko Dar es Salaam waliandamana kukataa kulitumikia taifa kwa lazima na kwa mshahara uliopunguzwa. Karibu 400 wakafukuzwa. Lakini Mwalimu alipunguza na mshahara wake mwenyewe, 20 kwa 100. Maana adaiye wengine wajinyime, yampasa kuanza yeye.

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na marejesho ya waliosoma hukopeshwa wanaofuata. Mwaka 2016 sheria ikarekebishwa, mwajiri akaamriwa kukata 15 kwa 100 ya mshahara wa mdaiwa. Ni vema. Lakini yuko na kijana aliyesomeshwa kwa mfuko wa watu waliosoma zamani shuleni pake, pasipo hati wala mdhamini. Huyo hana wa kumkata. Je, yu huru?

Mtu atatuambia, “Nalipewa zawadi, wala zawadi hailipwi.” Twakubali. Zawadi ikidaiwa hugeuka mkopo. Na mfadhili amwitaye kijana kila likizo ili amshukuru mbele ya watu, huyo amejinunulia mtumwa, hakusomesha mtu. Wala hatusemi kijana amrudishie aliyempa. Twasema hivi: aliyempa naye alipewa. Zawadi ile ilikuwa safarini ilipomfikia, wala haikukusudiwa kuishia kwake. Katika nchi kavu kama yetu, akaaye juu ya kijito ana haki ya kunywa na kunywesha ng'ombe wake, lakini hana haki ya kuyaziba maji.

Mwingine atasema, “Mshahara wangu ni mdogo, na wazazi na wadogo zangu wanitazamia.” Twamjibu kwa upole: wadogo zako ndio wa kwanza katika hao walio chini ya kijito. Anza nao, hilo nalo ni kulipa. Ila usiseme, “Nitatoa nitakapokuwa tajiri,” maana asiyeweza kutoa daftari moja leo, kesho hataweza kutoa ada.

Wazee husema, dawa ya deni ni kulipa. Nasi twaongeza kwamba deni hili halilipwi nyuma, hulipwa mbele. Ninyi vijana wa Bulyanhulu, Kahama na Geita mliosomeshwa, mkitaka kumjua mdai wenu, msimtafute mfadhili. Mtazameni mtoto aliyefaulu mwaka huu, ambaye baba yake hana ada.