Je, Saa Yatosha Kumpima Mtu?

Hapa Ndagoni, maji yanapokupwa, hupenda kukaa ufukoni nikiwatazama wavuvi wakienda kuangalia wando wao. Wando ni uzio wa fito uliosimikwa baharini. Haumfukuzi samaki, bali umewekwa pale ambapo hana budi kupita maji yanapotoka. Kila niutazamapo, humkumbuka mwanachuo mmoja niliyemkosea, na swali aliloniuliza, ambalo nimezeeka nalo.

Mwaka 1984 nilikuwa mkufunzi wa michezo katika chuo kimoja cha ualimu. Wanachuo walikuwa wakinung'unika kwamba timu ya mpira huchaguliwa kwa kujuana. Nikaamua kukomesha manung'uniko hayo. Nilipima mita 40 kwa kamba, nikachukua firimbi na saa, na kila aliyetaka namba ya beki akakimbia mara tatu. Matokeo niliyabandika ubaoni. Nilijiona mwadilifu kamili, maana saa haina shemeji wala kabila.

Aliyeshika mkia alikuwa kijana wa pwani aliyezoea kucheza beki wa mwisho. Wa kwanza alitumia sekunde 5.4, yeye 5.9. Nikamkata. Jioni akaja ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nimeona jina langu halimo. Nauliza tu, Mwalimu: katika mechi zetu za mazoezi, nani amepata kunipita?"

Sikuwa na jibu, nikamwonyesha karatasi. Aliitazama kidogo, akasema, "Ahsante, Mwalimu," akatoka. Hakucheza tena mpira chuoni pale.

Timu yangu ilishinda mechi moja, ikafungwa mbili. Sisemi kwamba yeye angetuokoa. Hilo hakuna awezaye kulijua, na msomaji asidhani naleta hadithi ya mwenda pole aliyemshinda mwenye mbio. Ninalouliza ni hili: je, nilimtendea haki?

Tuanze na upande wangu. Kipimo ni kinga ya mnyonge. Pasipo kipimo, mtoto wa mkubwa ana macho makali, ana akili ya mpira, ana kila kitu kisichoonekana. Aidha, kasi si upuuzi. Beki mzito mno hupitwa hata akijua yote yatakayotokea, na kumpanga kwa huruma ni kumpeleka akaaibike mbele ya watu. Hata Wamarekani, katika mpira wao wa kubeba mikononi, huwapima vijana wa vyuo kwa mbio fupi za yadi 40, yaani karibu mita 37, wakitaka kujua nani anafaa, pamoja na wale walinzi wanaosimama nyuma ya wenzao wote.

Lakini hebu tuitazame firimbi. Nilipoipuliza, wote waliondoka kwa wakati mmoja. Uwanjani hakuna anayempulizia beki firimbi ya kumwambia sasa kimbia. Ni lazima aone mwenyewe bega la mshambuliaji linaelekea wapi, mpira utatua wapi, mwenzake ameacha nafasi gani. Tofauti kati ya vijana wangu wawili ilikuwa nusu sekunde, na kwa mwendo ule ni kama mita tatu na nusu. Basi anayeng'amua hatari nusu sekunde mapema ameifuta tofauti yote. Kumbe firimbi yangu ilimnyang'anya kijana yule kile kile alichokuwa nacho, kisha saa ikatangaza kwamba hana kitu.

Filbert Bayi alipokimbia mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia, saa ilikuwa shahidi wa kweli, kwa kuwa mbio ndiyo kazi yenyewe. Kwa Bobby Moore, nahodha wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1966, saa ingekuwa shahidi wa kando tu. Hakusifika kwa mbio. Alisifika kwa kufika mahali kabla ya hatari kufika.

Naona basi kosa langu halikuwa kupima. Kosa lilikuwa kupima kilicho rahisi kupimika, kisha kukiita jina la kile nilichokitafuta. Na nyuma ya kosa hilo palikuwa na woga. Karatasi ilinikinga nisilaumiwe. Ningesema, "Nimekutazama mechi nne, na hiki ndicho nilichokiona," ningebeba hukumu ile mwenyewe, na angeweza kunibishia. Karatasi haibishiwi. Uadilifu niliojivunia ulikuwa, kwa sehemu, namna ya kujificha.

Baadaye nilipokuwa mkuu wa chuo nililikumbuka hilo kila wanachuo walipokwenda mazoezi ya kufundisha. Fomu za alama tulizitumia, wala sikuziondoa, kwa sababu upendeleo haujafa. Ila nilitaka kila mwanachuo atazamwe na wakufunzi wawili, kwa siku tofauti, akiwa mbele ya watoto, na kabla ya kumfelisha yeyote mmoja wetu aketi naye amweleze kwa maneno yake mwenyewe. Ilituchosha. Wengine tuliwafelisha vile vile, na walikasirika. Lakini walijua ni nani aliyewahukumu na kwa nini.

Yule kijana alikuwa mwalimu, na sasa naye amestaafu. Tulikutana mara moja gatini Kilindoni, akanibebea mkoba mpaka kwenye gari. Tulizungumza habari za watoto na bei ya nazi. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba alikuwa na haki ya kupewa jibu. Sikumwambia. Nilisubiri firimbi.