Ridhaa ya Anayelala Kibandani

Dawa mpya ya kuua mbu hujaribiwa kwanza maabarani, kisha katika vibanda vya majaribio, na hatimaye vijijini. Na hatua ya pili ndiyo yenye swali zito la kimaadili, kwa kuwa mbu waenezao malaria huvutwa na pumzi na harufu ya mwanadamu, hivyo ni lazima mtu alale humo. Katika vibanda kama vile vya Muheza na Ifakara nchini Tanzania, nguzo huzungushiwa maji ili sisimizi wasipande kula mizoga ya mbu kabla haijahesabiwa, na chandarua hutobolewa kwa makusudi ili kifanane na kilichochakaa. Alfajiri mbu hukusanywa kwa mrija na kutenganishwa, wafu na walio hai, walioshiba damu na wasioshiba. Walalaji hubadilishana vibanda kwa zamu, kikiwemo kile chenye chandarua kisicho na dawa. Na ingawa zamu hiyo iliwekwa kwa ajili ya usahihi wa hesabu, kwa kuwa watu hawawavutii mbu kwa kiwango kimoja, imebeba pia haki, maana hakuna anayetwikwa peke yake kibanda kibaya kuliko vyote.

Je, ridhaa ya mlalaji inatosha? Immanuel Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba utu usitumiwe kamwe kama chombo tu, na uzito wote umo katika neno hilo la mwisho, kwani mlalaji aliyeelezwa hatari, akapewa dawa ya kinga na kuahidiwa matibabu, hutumika kweli, lakini hajafanywa chombo tu. Hoja isiyokubalika ni ile isemayo kwamba hata nyumbani kwake angeumwa na mbu, kwa sababu inaugeuza umaskini wake kuwa kibali cha kumhatarisha. Fiqhi ya Kiislamu ina mizani bora zaidi, inayokataza kuondoa dhara kwa dhara lililo sawa nalo: jaribio huruhusika pale tu ambapo dhara ni dogo, limedhibitiwa, na manufaa yake yatamfikia aliyelibeba.

Sharti hili la mwisho ndilo linalosahaulika upesi. Huko Misungwi, mkoani Mwanza, katika hatua ya vijijini, vyandarua vyenye pairethroidi, yaani dawa ya siku nyingi ambayo mbu wengi wameizoea, vililinganishwa na vile vilivyoongezewa klorofenapiri, inayoua kwa kuzuia seli za mbu kuzalisha nishati. Na kwa miaka miwili watoto waliolalia vyandarua vipya walipata malaria kwa kiwango cha chini kuliko wenzao. Kulinganisha kulikuwa halali maadamu shaka ilikuwa ya kweli. Shirika la Afya Duniani lilipovipendekeza vyandarua hivyo Machi 2023, shaka hiyo iliondoka, na wajibu ukawahamia wanaopanga bajeti na kununua vyandarua, ambao hawawezi kutaja tofauti ya bei kana kwamba hakuna aliyekwisha kulipa kwa damu yake katika vibanda vile.