Karatasi Tupu

Nilipomaliza kidato cha nne nilinunua bunda zima la karatasi, eti niandike riwaya. Nusu yake mpaka leo ni nyeupe, nami nilikuwa naona aibu, maana kwangu karatasi tupu ni ushahidi wa woga. Halafu nikasoma habari za vijana wa China.

Tarehe 24 Novemba 2022 jengo la ghorofa liliungua mjini Urumqi, wakafa watu 10. Mji ulikuwa umefungwa kwa miezi kwa sababu ya korona. Wengi waliamini kwamba vizuizi ndivyo vilivyowanyima marehemu njia ya kutokea. Wakuu wa mji wakakana. Usiku wa tarehe 26, vijana wa Shanghai walikusanyika kwenye barabara yenye jina la mji huohuo, wakawasha mishumaa, na baadhi yao wakainua karatasi nyeupe. Hazikuwa na hata nukta. Polisi wakakamata watu.

Hebu fikiri, bwana. Karatasi ile askari aliisoma nini? Maneno hayo alikuwa nayo mwenyewe kichwani! Na Katiba ya China, ibara ya 35, inampa raia uhuru wa kusema.

Tarehe 7 Desemba serikali ikalegeza masharti mengi. Rafiki yangu mmoja akanambia, "Si unaona? Wamepata walichotaka, sasa kelele za nini?" Tulibishana mpaka chai ikapoa. Labda walisikilizwa, labda ni uchumi, labda virusi vilikwisha kuishinda serikali. Lakini mwezi huohuo, kule Beijing, walikamatwa wasichana waliokuwa wamehudhuria maombolezo, mmoja wao mhariri wa vitabu. Aliachiwa Aprili 2023. Ndiyo kusema, mlango ulifunguliwa, na walioomba ufunguliwe wakatiwa ndani. Mimi hiyo naiita hisani. Haki ingekuwa kuomba bila kuogopa, hata kama jibu ni hapana.

Rafiki yangu bado anasema nachagua maneno tu.

Yule mhariri hasa ndiye anayenisumbua. Kabla hajachukuliwa alijirekodi kwenye video, akasema wenzake wamekamatwa, akaomba wasiachwe watoweke kimyakimya. Barabarani, katikati ya watu, karatasi tupu ilitosha. Alipobaki peke yake chumbani ilibidi aseme, kwa sura yake na sauti yake. Nami niko peke yangu chumbani, na bunda langu.