Mkanda Chini ya Nguo

Kwa miezi minane nilimdanganya mama yangu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu na sikumwambia. Yeye aliendelea kunitumia karo kwa simu, kidogo kidogo, pesa za kuuza mboga sokoni, nami nikaendelea kumjibu, "Asante Mama, nimepata." Karo yenyewe haikufika chuoni. Ililipa kodi ya chumba, bando za intaneti na unga, huku nikijifunza kuwaandikia makala watu wasionijua.

Si hadithi ya kujivunia. Naileta kwa sababu wakati huo huo nilinunua kitabu kimoja kikuukuu kwa wale wauzaji wa kando ya barabara, na kilichokuwa ndani kikanikaba koo. Ni shairi refu lililotungwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 14. Jina la aliyelitunga limepotea. Mswada uliobaki ni mmoja tu, nao uliponea chupuchupu moto wa mwaka 1731 jijini London. Linamhusu Sir Gawain, mmoja wa wale mashujaa wapanda farasi wa Mfalme Arthur.

Kisa chenyewe ni hivi. Siku ya Mwaka Mpya, Arthur na watu wake wakiwa kwenye karamu, anaingia jitu juu ya farasi. Jitu ni kijani, ndevu kijani, hata farasi kijani. Linasema: yeyote anipige shoka moja leo, halafu baada ya mwaka na siku moja anitafute nimrudishie. Gawain anakubali na kulikata kichwa. Jitu linaokota kichwa chake, kichwa kinamkumbusha Gawain ahadi, na huyo, limeondoka. Wahenga wanasema ahadi ni deni. Hapa deni ni shingo.

Mwaka ukikaribia kuisha, Gawain anafunga safari. Njiani anakaribishwa katika ngome ya bwana mmoja mcheshi ambaye anapendekeza mchezo: mimi nitaenda kuwinda, wewe pumzika hapa, jioni tupeane kila tulichopata. Siku tatu mfululizo mke wa bwana anaingia chumbani mwa Gawain kumtongoza. Gawain anamkwepa kwa adabu na kuambulia busu moja, siku ya pili mabusu mawili, ya tatu matatu. Kila jioni anambusu bwana idadi ile ile. Lakini siku ya tatu bibi amempa pia mkanda wa kijani, eti anayeuvaa hawezi kuuawa. Kesho yake shoka linamsubiri. Si ungeuchukua? Mimi ningeuchukua. Gawain anauchukua, anaenda kwa padri kuungama, jioni anatoa mabusu yote matatu, na mkanda anauficha.

Asubuhi anapeleka shingo. Shoka linanyanyuliwa mara tatu. Mara mbili linazuiwa hewani, mara ya tatu linamchanja kidogo tu, damu ikadondoka kwenye theluji. Kumbe jitu ndilo lile bwana la ngomeni. Mchanjo ule ni bei ya mkanda.

Sasa swali: kosa la Gawain lina uzito gani? Shairi linatoa hukumu tatu. Gawain mwenyewe anajiita mwoga na mwenye tamaa, na anaapa kuuvaa mkanda daima kama alama ya aibu. Jitu linasema amekosa kidogo, kwa kuwa alipenda uhai wake, na deni limelipwa. Akirudi nyumbani, watu wa Arthur wanacheka, kisha wote wanaamua kuvaa mkanda wa kijani kama pambo la heshima.

Marafiki zangu walikuwa watu wa Arthur. Nilipowaambia nimeacha chuo na mama hajui, walicheka. "Achana na hiyo stress, hata Bill Gates aliacha chuo." Nililala vizuri usiku huo. Baadaye ndipo nikajiuliza: wao walisamehe nini? Hakuna hata mmoja aliyeamka saa kumi alfajiri kwenda kununua sukuma wiki ya kuuza. Msamaha wa mtu ambaye hukumkosea ni rahisi kwa sababu haumgharimu chochote.

Na kosa lenyewe si woga. Kumwogopa mwenye shoka ni akili timamu, kama vile kuacha kozi iliyonishinda si dhambi. Kosa liko kwenye yale mabusu matatu. Gawain alilipa kikamilifu kile kilichokuwa rahisi kulipa, na uaminifu huo mdogo ukawa pazia la kufichia mkanda. Hapo nilijiona. Nilimpigia mama kila Jumapili bila kukosa. Nilimuuliza habari za mguu wake, nilimtumia picha. Upendo ulikuwa wa kweli kabisa, na ndio ulioufanya uongo uaminike. Nadhani watu wengi hatudanganyi kwa uongo. Tunadanganya kwa kupanga ukweli mdogo mdogo mbele ya ule mkubwa.

Tukisikia hadithi za wapanda farasi hawa tunafikiria mapanga na majoka. Ila nionavyo, walichorithi waandishi wa baadaye ni mtu anayejiwekea kipimo kisha akapungua. Thomas Malory aliandika habari za Arthur akiwa mfungwa, kitabu kikachapwa mwaka 1485, na Lancelot wake ndiye shujaa bora kuliko wote na ndiye msaliti wa mfalme wake. Mwaka 1605 Cervantes akamleta Don Quixote, mzee aliyesoma hadithi hizi hadi akataka kuziishi, na tunamcheka kwa aibu fulani kwa sababu kipimo chake si kibaya, ni yeye asiyekifikia. J.R.R. Tolkien alihariri shairi la Gawain pamoja na E.V. Gordon mwaka 1925. Miaka kama thelathini baadaye Frodo wake anafika mwisho wa safari, anatakiwa kuitupa pete motoni, na pale pale anashindwa. Sijui kama Tolkien alimkumbuka Gawain alipoandika hayo. Mimi nilimkumbuka.

Mwezi wa nane nilipanda matatu nikaenda nyumbani. Nilimwambia mama tukiwa jikoni. Hakulia, hakucheka. Aliendelea kuchambua mboga, kisha akauliza, "Zilikuwa pesa ngapi?" Nikamtajia hesabu yote. "Utazirudisha," akasema, "na Jumapili utanipigia kama kawaida. Lakini ukinidanganya tena, baba, usipige."

Ndio mchanjo wangu, na ulitoka kwa aliyekuwa na haki ya kushika shoka. Namlipa kila makala inapolipwa. Kuhusu zile hukumu tatu, nimeamua hivi: kicheko cha marafiki ni pole, si hukumu. Kujidharau maisha yote nako kuna majivuno ndani yake, kama vile mimi nilistahili kuwa mtu asiyekosea. Mwenye neno la mwisho ni yule uliyemficha mkanda. Na hawezi kulisema kabla hujaufungua.