WAZO LA LEO: Manukato Hupimwa Juani

Acqua di Giò ya Giorgio Armani ilitoka mwaka 1996; Black Orchid ya Tom Ford, mwaka 2006. Ya kwanza ni nyepesi, ina uchangamfu wa ndimu na hewa ya baharini. Ya pili ni nzito, ina chokoleti, vanila na viungo, na hung'ang'ania nguo hadi kesho yake. Wewe wa Kigoma uchukue ipi?

Usiamue dukani kwa kunusa kizibo. Dakika za mwanzo hutawaliwa na spiriti na harufu nyepesi, navyo huruka upesi. Pulizia moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, usisugue. Shuka Kibirizi kwenye dagaa, kisha panda bodaboda hadi Ujiji. Baada ya saa nzima nusa tena: kilichobaki kwenye ngozi ndicho unachokinunua.

Joto huongeza makali ya harufu. Ile nzito, ndani ya daladala ya saa saba mchana, itamkaba jirani. Usiku wa harusi Ujiji, penye upepo wa ziwa, itapata heshima yake. Ile nyepesi haimkeri mtu ofisini, ila harusini itamezwa na moshi wa udi kabla bibi harusi hajaingia.

Basi usiulize ipi ni bora. Uliza unakwenda wapi, na saa ngapi. Mfuko ukiruhusu chupa moja tu, chukua ya mchana: siku za kazi ni nyingi kuliko harusi.