Freddie Mercury hakuwa na dawa ya kumwokoa

Freddie Mercury, mwimbaji na mtunzi ambaye Waingereza wanamhesabu kuwa wao, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, Septemba 5, 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara. Alisomea shule ya bweni India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia yake ikahamia Uingereza. Mwaka 1970 alianzisha kundi la Queen na wenzake. "Bohemian Rhapsody", wimbo alioutunga wa karibu dakika sita, ulionekana mrefu mno kwa redio, lakini mwaka 1975 ulipanda hadi namba moja Uingereza ukakaa wiki tisa. Julai 13, 1985, uwanjani Wembley, umati wa watu kama 72,000 ulimfuatisha kila alichokiimba.

Mwaka 1987 alipimwa akakutwa na VVU. Aliwaambia watu wachache tu. Waandishi walimwinda, akawa anakonda dunia ikimtazama, naye akikana. Novemba 23, 1991 akatangaza kwamba ana UKIMWI. Kesho yake akafariki kwa nimonia, akiwa na miaka 45.

Wengi watamsomea methali ya mficha maradhi. Mimi naona tutakuwa tunamwonea. Tiba ya mseto ya kufubaza virusi ilikuja mwaka 1996, kama miaka mitano baada ya kifo chake; hata angesema, asingepona. Unyamavu ulimpa nafasi ya kuendelea kurekodi hata alipokuwa akitembea kwa shida. Tulichokosa ni ushuhuda wake. Philly Lutaaya wa Uganda, mwanamuziki aliyekuwa akiishi Sweden, alijitangaza hadharani kuwa ana UKIMWI mwaka 1989, wakati mgonjwa akikimbiwa na ndugu zake. Alizunguka shuleni na makanisani akizungumza na vijana, nguvu zikimwisha, hadi alipofariki Desemba 15 mwaka huohuo. Huyo kwangu ni shujaa kuliko wanamuziki wengi waliojaza viwanja.

Sasa tuje kwetu Kitandililo. Sisi tuko jirani na Makambako mjini, ambako barabara ya Tunduma inaachana na ile ya Songea, malori yanalala, na reli ya TAZARA inapita. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta mkoa wetu wa Njombe ukiongoza nchini: asilimia 12.7 ya watu wazima wana VVU, wakati taifa zima ni asilimia 4.4. Dawa ni bure tangu mwaka 2004. Hata hivyo wapo wanaopanda basi kwenda kliniki ya VVU (CTC) ya mbali ili jirani asiwaone kwenye foleni. Nauli ikikosekana, au palizi ya mahindi ikibana, tarehe inapita, na virusi vinapanda upya. Siri ya Freddie haikumnyima tiba ya mseto, maana ilikuwa haijaja. Ya kwetu inatunyima ile iliyopo, na hilo ndilo linaloniuma.

Kijana wangu, majibu ya kipimo hutoka siku hiyohiyo. Aliyetulia kwenye dawa hupewa za miezi mitatu, hata sita, kwa mkupuo, kwa hiyo si lazima kupanga foleni kila mwezi. Virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo na vikabaki hivyo, mwenye VVU hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Ukiona nauli ni mzigo, mwambie mhudumu akuhamishie kituo cha karibu. Anajua kutunza siri.